Kifungu cha Thelathini na Moja

Mimi ndiye karani. Naandika yaliyosemwa,
siandiki nani alitazama chini.

Machi, kaskazini ya Maine, mkutano mkuu wa mji
katika ukumbi wa michezo wa shule.
Theluji ya viatu inayeyuka chini ya viti vya chuma.
Kifungu cha ishirini na nane: chumvi ya barabara,
dola elfu sitini na moja.
Kikapita kabla mtu hajamaliza kukohoa.
Cha ishirini na tisa, tairi za gari la zimamoto. Kikapita.
Cha thelathini, paa la banda
la kuhifadhia chumvi ya kifungu cha ishirini na nane.
Kikapita.

Kisha thelathini na moja: dola elfu nne na mia mbili,
"kuwakinga vijana na tumbaku na vilevi vinginevyo."
Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba fedha huisha.

Delbert Pelkey alisimama, kofia mkononi:
"Sisi tulivuta nyuma ya ghala la viazi, na tupo."
Ukumbi ukacheka.
Niliandika: Bw. Pelkey alipinga.
Sikuandika mtungi wa oksijeni uliosimama naye,
vigurudumu vyake, mrija puani,
wala jinsi alivyongoja pumzi imrudie
kati ya "na" na "tupo".

Mwingine akauliza: si jimbo lililipwa fidia
na wale wauza vidonge? Zimeenda wapi?
Wajumbe wa meza kuu wakapekua karatasi
kama watu wanaotafuta miwani waliyoivaa.

Odette Cyr ana miaka kumi na sita.
Asiye mpiga kura haongei ila kwa ridhaa ya mkutano.
Ridhaa ilitolewa.
Alikuja na boksi la viatu, akaliweka mezani kwangu,
akafungua.
Sigara za umeme, rangi za peremende,
moja kama kalamu, moja kama kidoli,
zote zilitolewa na mfagizi wetu Guimond
juu ya dari ya maliwato ya wasichana.
"Arobaini na tatu tangu Septemba," alisema.
"Hii ya kijani ni ya mdogo wangu.
Yuko darasa la sita."
Akarudi kukaa. Hakungoja makofi,
na hayakuja.

Ikaletwa hoja ya kupunguza: elfu mbili na mia sita.
Ikaletwa hoja ya mapumziko.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikawasha yangu.
Ninavuta tangu nina miaka kumi na mitano;
niliyefundishwa naye ni dada yangu,
na sitaki kumwandika hapa.
Mlango ule hujifunga wenyewe.
Nilipogeuka, Odette alikuwa ameushika kwa mguu,
anatazama uwanja wa magari,
kana kwamba ni mlango tu, na mimi ni mtu tu
aliyesahau funguo.

Kura ikapigwa kwa mikono.
Pelkey alikuwa ameshaondoka,
mtungi wake ulikaribia kwisha.
Hamsini na nane kwa arobaini na tisa,
kama kilivyorekebishwa.
Karani ana kura moja kama mwenye shamba la viazi.
Kalamu niliihamishia mkono wa kushoto.

Elfu mbili na mia sita ni hivi:
ukumbi huu wazi Jumanne na Alhamisi jioni,
mshauri mmoja anayekuja kwa gari lake mwenyewe,
mipira minne, biskuti,
mpaka mwisho wa Mei.
Juni haina fungu.
Msimu mrefu wa jua, watoto barabarani hadi saa tatu usiku,
na barabara, kwa kweli, hazina hata shimo.

Boksi halikuchukuliwa.
Sheria inasema kila kilichowasilishwa mkutanoni kitunzwe,
basi nikalibandika karatasi, Kielelezo A,
nikaliweka katika kabati la chuma
kati ya hati za mashamba na daftari la vifo.

Sasa kila nikifungua
kumtolea mtu cheti cha kuzaliwa cha mwanawe,
kabati zima linanukia tikitimaji.